Jinsi ya kutumia neno "deprecate" bila kulichanganya na "depreciate"

Kama ulikutana na deprecate ukadhani ni kushuka thamani, hauko peke yako, hata wenye Kiingereza chao wanalichanganya. Anza na mzizi, ukiushika huo mengine yanakuja yenyewe. Kilatini ni deprecari, de ni kuondoa na precari ni kuomba au kusali, kwa hiyo mwanzoni ilikuwa kupiga dua balaa lipite mbali. Kiingereza kililichukua mwanzoni mwa karne ya 17 na hiyohiyo maana ya dua, baadae ndo likageuka kuwa kutoridhia jambo, kwamba ungeomba lisifanyike. Precarious nalo limetoka hukohuko, kitu cha kupewa kwa kuombaomba, ndo maana hakina uhakika.

Depreciate mzizi wake ni pretium, yaani bei. Hela na magari vinadepreciate, yaani vinashuka thamani.

Kwenye sentensi weka kinachopingwa palepale baada ya neno, usichomeke against wala about: We deprecate the use of force. Na linapinga kitendo au tabia zaidi kuliko mtu. Ila ni neno la hotuba na ripoti, ukimwambia rafiki I deprecate your lateness atakucheka, hapo sema tu I don't like it.

Self-deprecating ndo inavuruga kila kitu, maana ni kujishusha mwenyewe kwa utani, na kimantiki ilipaswa kuwa self-depreciating na zamani waliandika hivyo kweli, lakini imeshakubalika, usibishane nayo.

Sasa kwenye programu za kompyuta, ukiona deprecated usipaniki. Kitu hakijafutwa, kinafanya kazi vizuri tu, ila waliokitengeneza wanakuambia achana nacho mapema maana huko mbele kinaweza kuondolewa. HTML 4 (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) ya mwaka 1997 iliweka tagi za font na center, za kupanga mwonekano wa maandishi, kwenye kundi hilo, kurasa zikaendelea kufunguka kama kawaida ila watu wakaambiwa wahamie CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, HTML5 ilipokuja ndo vikaitwa obsolete, yaani vimepitwa na wakati, na brauza bado zinavionyesha mpaka leo! Kwa hiyo ukiona deprecated soma maelezo ya hicho kitu, mara nyingi mbadala umeandikwa hapohapo, kodi (code) mpya andika na huo mbadala na ya zamani ibadilishe taratibu. Ukiandika ripoti usiite deprecated kitu kilichokuwa removed, yaani kilichoondolewa kabisa, atakayesoma ataenda kukitumia na hakipo.