Jinsi ya Kulinganisha Mafundisho ya Makanisa Kuhusu Kuhesabiwa Haki kwa Imani

Kuhesabiwa haki ni Mungu kumkubali mwenye dhambi kuwa mwenye haki mbele zake. Anza na Maandiko kabla ya kufungua ungamo, yaani tamko rasmi la imani, la kanisa lolote. Soma Warumi 3:21 hadi 4:12, kisha Yakobo 2:14-26, ukizingatia kwamba wote wawili wanamtaja Abrahamu na kunukuu Mwanzo 15:6. Paulo anasisitiza kwamba Abrahamu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa. Yakobo anasonga mbele hadi Isaka alipowekwa juu ya madhabahu. Usiharakishe kuwapatanisha. Uliza kwanza kila mmoja anamjibu nani, kwa maana Paulo anazungumzia matendo ya sheria, ilhali Yakobo anamkemea anayejidai kuwa na imani huku akimwacha ndugu yake uchi na bila riziki.

Kisha yapime makanisa kwa swali moja: Mungu anapompa mwenye dhambi haki, je, anamtangaza kuwa mwenye haki au anambadilisha awe mwenye haki? Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo ni la Walutheri, katika kifungu cha 4, linafundisha kwamba mtu husamehewa bure kwa ajili ya Kristo, na imani hiyo ndiyo Mungu anayoihesabu kuwa haki. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, ulieleza kwamba kuhesabiwa haki si ondoleo la dhambi tu, bali pia ni kutakaswa na kufanywa upya kwa mtu wa ndani. (Waorthodoksi hawakuwa upande wowote wa ugomvi huo; usiwalazimishe kujibu swali ambalo si lao.)

Hapa ndipo wengi hupotoka, kwa kuwasingizia wenzao. Kanuni ya kwanza ya Trento kuhusu jambo hili inamlaani anayesema kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake pasipo neema ya Mungu kwa Kristo, na kifungu cha 6 cha Augsburg kinadai kwamba imani izae matendo mema. Soma vyote viwili kabla ya kufundisha.

Mwishowe soma Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, lililotiwa sahihi Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 na Kanisa Katoliki pamoja na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Usilisome kana kwamba lilimaliza kila hoja: tamaa inayobaki baada ya ubatizo, Walutheri huiita dhambi halisi, nao Wakatoliki huiona kuwa mwelekeo utokao katika dhambi, usio dhambi kamili mpaka mtu auridhie.