Somo: Kubadilisha diski ya ndani ya kuhifadhia ya PlayStation 4 (PS4) ya kwanza

Wengi huogopa bisibisi, kumbe kufungua ndiyo sehemu nyepesi. Kinacholiza watu ni sevu (hatua ulizofikia kwenye gemu) na faili la mfumo. Mimi nilipoteza sevu za miaka miwili kwa haraka tu, kwa hiyo tuanze hapo. Hatua hizi ni za toleo la 2013.

1. Oanisha trofi (tuzo ulizoshinda kwenye gemu) na akaunti yako kwanza, maana nakala haizibebi. Kisha chomeka diski ya nje, ingia mipangilio ya mfumo, uhifadhi nakala. Usiguse skrubu kabla haijakamilika.

2. Diski mpya iwe ya inchi 2.5, ya kiunganishi cha SATA, isiyopungua GB 160, unene usiozidi milimita 9.5. Soma unene kabla ya kununua. Zipo za milimita 15, na hizo haziingii.

3. Zima kabisa, si kulaza. Chomoa waya zote. Sukuma kifuniko kinachong'aa kuelekea nje, kitateleza. Fungua skrubu yenye alama za vitufe vya pedi, vuta fremu, kisha toa skrubu nne zinazoshika diski. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, la sivyo utakula vichwa vya skrubu. Weka diski mpya, rudisha kwa mpangilio uleule.

4. Kwenye kompyuta, formati flashi kwa mfumo wa FAT32. Tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, humo weka PS4UPDATE.PUP, herufi kubwa zote. Tovuti ya Sony ina mafaili mawili: la kusasisha na la kusakinisha upya. Chukua la kusakinisha upya, ndilo zito zaidi.

5. Chomeka flashi kwenye PS4, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7. Unganisha pedi kwa waya, kwenye menyu itakayotokea chagua namba 7, ya kusakinisha mfumo upya.

MASWALI

– Mkuu, nikichomeka diski ya zamani kwenye kompyuta siwezi kunakili sevu?
– Hapana ndugu. Imesimbwa, kompyuta haitasoma kitu. Tumia nakala ya hatua ya 1.

– Nikiweka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) je?
– Inakubali, na gemu hufunguka haraka zaidi. Ila toleo hili lina SATA II, kizazi cha zamani cha kiunganishi hicho, kwa hiyo kasi yote ya SSD hutaipata.

– Yangu inasema haioni faili.
– Dada, angalia majina ya folda herufi kwa herufi. Yakiwa sawa, linganisha ukubwa: huenda umepakua lile la kusasisha.

– Kweli, nilichukua dogo. Napakua upya sasa hivi.