Amplifaya ya valvu haipigwi bila spika

Wapiga besi, angalieni hili kabla hamjaunguza kitu. Amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) usiipige kamwe kabla hujachomeka spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, volti hupanda ghafla na inaweza kuungua, pengine pamoja na valvu. Ya transista kwa kawaida haidhuriki hivyo. Yenyewe inaogopa omu (kipimo cha ukinzani wa spika) zikishuka mno. Makabati mawili ya spika, kila moja omu 8, yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4. Ongeza la tatu, umeshuka chini ya 3, na amplifaya nyingi zimeandikwa nyuma kwamba usishuke chini ya 4. Soma hapo kwanza.

Kwa sauti, mimi bado naipenda valvu. Ukiupiga uzi mnene kwa nguvu, inakwaruza kwa upole na noti inavimba, ilhali transista ikizidiwa hukata sauti kwa ukali. Lakini Ampeg SVT, amplifaya ya besi iliyotoka 1969 ikiwa na wati 300, ina valvu 14, na kuipandisha ngazini ni kazi ya watu wawili.

Halafu waya: kutoka amplifaya hadi kabati tumia waya mnene wa spika, si ule wa gitaa, hata kama plagi zinafanana.