Namna ya Kuratibu Utafiti wa Miaka Mingi kuhusu Watoto Waliofikiwa na Pombe Tumboni

Baadhi ya madhara ya pombe kwa ubongo wa mtoto hayajitokezi mpaka aanze shule, anaposhindwa kutulia, kushika maagizo au kufuata hesabu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mratibu mjini Kisumu ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyepimwa uzito siku ya kuzaliwa atapatikana tena akiwa na miaka saba.

Vibali vitangulie: kamati ya maadili, kisha NACOSTI (Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya) na idara ya afya ya kaunti. Kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Ugumu halisi uko katika kuuliza. Mama mjamzito akiulizwa ghafla kama anakunywa, atakana, na sioni sababu ya kumlaumu. Mhoji aketi naye faraghani, mama mkwe akiwa nje, wazungumze Kiluo au Kiswahili kadiri mama apendavyo, na aanzie wiki zile ambazo mama hakuwa bado amejua kwamba ana mimba. Kwa kuwa ukali wa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, hutofautiana kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine, weka mezani glasi ya chang'aa na kikombe cha busaa, yaani pombe ya nafaka, umwombe aonyeshe kwa kidole kilikuwa kimejaa hadi wapi, na mara ngapi kwa wiki. Sigara, miraa na bangi ziulizwe papo hapo.

Kundi la kulinganisha, yaani watoto ambao mama zao hawakunywa, litoke mitaa ileile. Malaria, ambayo imeenea sana kandokando ya ziwa, upungufu wa damu, utapiamlo na kuzaliwa kabla ya wakati pia huathiri ubongo. Usipoviandika vyote tangu kliniki ya wajawazito, utaibebesha pombe lawama isiyo yake.

Familia nazo huhama. Leo mama yuko Nyalenda, mwakani yuko Manyatta, na mtoto amepelekwa kwa nyanya yake Siaya. Chukua, kwa idhini yake, namba tatu za simu: yake, ya dada yake na ya jirani; andika pia alama ya nyumba, kwa mfano "lango la kijani nyuma ya kinu cha posho", na uihakiki kila baada ya miezi mitatu kupitia mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa kutunza siri. Fomu ya ridhaa ieleze wazi kwamba pombe inachunguzwa, lakini kadi ya miadi isomeke tu "ukuaji wa mtoto", kwa maana kadi huonwa na wengi.

Anayempima mtoto asijue yuko kundi gani, na atumie vipimo vilivyojaribiwa kwa watoto wa Afrika, kama vile vilivyobuniwa Kilifi na Malawi. Mtoto akionekana kubaki nyuma, mpeleke kwa mtaalamu wiki hiyohiyo bila kungoja utafiti ukamilike; fedha za nauli na matibabu hayo ziwe ndani ya bajeti ya mwaka wa kwanza.