Mtoto mdogo anayeuma na kupiga wenzake: la kufanya

Katika nyumba za kupanga za Kirumba au Mabatini, jijini Mwanza, ua ni mmoja, watoto wengi, ndoo ya kuchezea moja. Kuuma na kupiga hushamiri kati ya mwaka 1 na 3, kwa kuwa mtoto anajua anachotaka ila maneno hayajamtosha.

Akiinua mkono, wahi. Chuchumaa macho yenu yalingane, ushike mkono wake bila kuubana, useme kwa kifupi: "Hatupigi. Inauma." Mfariji kwanza aliyeumizwa. Akirudia, mtoe, ukae naye pembeni dakika 2 au 3 hadi apumue vizuri. Mahubiri hayamwingii akiwa na hasira. Akitulia, mpe maneno: "Sema, naomba." Kisha mrudishe mchezoni.

Wengi hukwama hapa: mama anakataza, bibi anacheka, baba anachapa. Na tafadhali, usimuume "ajue uchungu". Atajifunza tu kwamba mkubwa humuuma mdogo. Watu wazima wote wa nyumba wakubaliane maneno yale yale.

Angalia pia saa. Akichachamaa kila saa 5 asubuhi, huenda ni njaa. Mpe uji au ndizi saa 4. Wa mwaka 1 hadi 2 huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, wa mchana ukiwemo.

Jeraha la meno lioshe kwa sabuni na maji safi. Likitoa damu, nendeni kituo cha afya. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, au asiyegeuka akiitwa, apimwe masikio mapema.