Jinsi ya kushuti dokumentari ya chakula mkitembea na watoto, Lushoto mpaka Mtae

Watu wakisikia dokumentari ya familia inayotembea kwa miguu wanawaza droni, milima na watoto wanakimbia kwenye nyasi, inapendeza kweli ila dakika ya tatu mtu kashachoka. Mpe kitu cha kufuatilia, na huku kwenye milima ya Usambara kitu chenyewe ni mboga.

Njia ni Lushoto, Lukozi, Rangwi, Mtae. Wengi wanaimaliza siku tatu au nne, mkiwa na watoto ongezeni moja. Rangwi kuna masista wanaopokea wageni, ulizia mapema. Msitu wa Magamba uko chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali) so lipia na chukua mtu wa kuwaongoza njia. Machi mpaka Mei msiende, udongo unateleza balaa. Juni na Julai ni baridi, bebeni masweta ya maana.

Vibali: filamu ya kuonyesha hadharani ni Bodi ya Filamu, droni ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga (binafsi ningeiacha nyumbani). Kila kijiji anza kwa mwenyekiti au mtendaji kabla hujatoa kamera.

Sasa stori yenyewe. Chagua zao moja tu, tuseme kabichi, lifuate toka shambani mpaka sokoni Lukozi mpaka linapopakiwa kwenye Fuso la kushuka Mombo kwenda Tanga au Dar, na kama kuna viazi angalia gunia linavyofungwa, maana lumbesa, yani gunia linalojazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku miaka na miaka lakini mkulima bado analalamika, hapo peke yake una sini nzuri. Ila usiishie sokoni, wengi ndo wanapokosea. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa karibu watoto 57 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati taifa zima ni 30, na Iringa wanalima kwelikweli! Yani kulima na kula vizuri ni vitu viwili tofauti, so swali la filamu yako ni hili: Fuso likishaondoka, nyumbani kimebaki nini?

Jibu liko jikoni. Omba ruhusa kwa mama mwenye nyumba ushuti mlo wa jioni toka moto unawashwa mpaka watu wananawa mikono, nani anapakuliwa kwanza, mboga inatosha wangapi. Usiulize "mna shida ya chakula?" utajibiwa kwa adabu tu hatuna shida. Uliza jana usiku mlikula nini, na juzi je, halafu nyamaza.

Sauti ni muhimu kuliko picha, kule juu upepo unaua kila kitu, nunua maiki ya kubana shatini yenye manyoya. Wazee wakiongea Kisambaa waache waongee, maandishi ya Kiswahili utaweka chini. Pawabenki mbili, na kila usiku hamisha klipu zote.

Watoto wako wape simu ya zamani nao washuti. Mtoto akishasema shikamoo bibi anauliza maswali ambayo wewe ungeona aibu, na anapata majibu. Akichoka zima kamera, mpumzike.

Ukiediti dakika 12 zinatosha. Kabla ya kupandisha mtandaoni rusha WhatsApp kwa waliomo waione, na sura ya mtoto wa mtu ambaye mzazi wake hajakubali itoe, hata kama ndo sini kali kuliko zote.