Baiskeli gani inafaa kufungwa mota ya katikati?

Mota ya katikati ni ile ya umeme inayokaa kwenye pedali. Kabla hujanunua, pima kwanza lile bomba la fremu linalopita ekseli ya pedali, maana mota inakaa humohumo. Upana wake toka upande mmoja wa baiskeli hadi mwingine ukiwa 68 au 73 mm na ndani kuna thredi (mistari ya kukazia kama ya skrubu), mota nyingi zinaingia bila kusumbua, ila kama ni la kugongea beringi bila thredi utahitaji adapta na hapo ndo kazi inaanza. Chungulia na chini yake, waya za gia zikipita hapo zinaweza kubanwa. Fremu iwe chuma au alumini, kaboni mi siigusi. Breki za diski. Afu kumbuka mota inavuta kupitia cheni kwahiyo cheni inalika haraka, gia 8 au 9 nyuma zinatosha kabisa, zile 12 cheni yake nyembamba.